Siku Baba Aliponifungulia Shauri

Kabla sijahamia Iringa nilikuwa na kibanda Mbeya, upande wa Mwanjelwa, ambako niliwawekea watu filamu kwenye flashi na kwenye simu. Wateja wengi hawakujua majina ya filamu. Walieleza tu: nataka ya mapigano, nataka ya mapenzi ya kulia, nataka ya kuchezewa akili. Hizi za mwisho ndizo nilizozijua kuliko zote, kwa sababu mimi mwenyewe nilizipenda.

Miaka ya karibuni zilishika sana zile za wazee wanaopoteza kumbukumbu. Zinafanana. Kuna nyumba kubwa iliyojitenga, na nje kuna theluji au mvua isiyokoma. Kuna mzee, na kuna mtu anayemtunza: nesi, mkwe, mke wa pili. Vitu vinahama. Mzee anasema aliviweka hapa, mtunzaji anasema hapana. Mtazamaji anabaki hajui amwamini nani, mpaka karibu na mwisho ndipo mkosaji anajulikana. Wateja walikuwa wakisimama kibandani kwangu kubishana ni wakati gani hasa walimgundua. Mama mmoja aliyeuza viazi jirani yangu aliniambia hazitaki tena, zimemfanya amwogope mkwe wake. Nilicheka, nikamwekea za vichekesho.

Simu ilitoka kwa shangazi yangu, mdogo wake baba, anayeishi Nyololo. Alikuwa amekwenda Iringa kumsalimia baba akakuta mlango uko wazi, sufuria tupu iko jikoni juu ya moto, na mwenyewe hayupo. Alirudishwa na dereva wa bodaboda aliyemkuta anateremka kwa miguu kuelekea Ipogolo, amevaa suti na tai.

"Anasema anakwenda mahakamani," shangazi alisema. "Anasema watu wanamngoja."

Baba alikuwa amestaafu siku nyingi. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi Mbeya, ana mke na watoto wanaosoma. Mimi sikuwa na mume, na kazi yangu ilikuwa inaingia kwenye kompyuta moja. Mjadala haukuwa mrefu. Nilifunga kibanda, nikapanda basi.

Nyumba ya baba iko Kihesa, ina kibaraza kinachotazama yale mawe makubwa ya mlimani. Nilimkuta ameketi hapo, amenyoa vizuri, gazeti mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za Mbeya, akaniuliza kama mvua zimeanza kule. Nilianza kufikiri kwamba shangazi ametia chumvi. Kisha nikaingia jikoni kuchemsha chai nikakuta sukari kwenye kopo la majivu na sabuni ya unga kwenye kopo la sukari.

Lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Alihamishwa hamishwa katika vituo vya Iringa na Mbeya, na mwisho akakaa miaka mingi Rujewa akisikiliza kesi za mifereji ya maji na za ng'ombe waliokula mpunga wa watu. Alizungumza polepole. Ukimwambia jambo, aliuliza umejuaje. Nikiwa mtoto nilivunja sahani nikasema ni paka. Akaniuliza maswali ya upole, moja baada ya jingine, mpaka nikajikuta nimeeleza mwenyewe namna paka asivyoweza kufungua kabati. Hakunipiga. Alisema tu, "Umeona," akaendelea kula. Sikumbuki hata mara moja aliponisifu.

Tulikwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, alimpima, akamwuliza maswali ya tarehe na ya mahali, kisha akanieleza mimi pembeni kwamba ni ugonjwa wa ubongo, hauna dawa ya kuuponya, kuna vidonge vya kumtuliza tu. Aliniasa mambo mawili. Siku zake zifanane, na nisibishane naye.

Kufananisha siku haikuwa kazi ngumu. Asubuhi uji, kisha kibarazani. Mchana ugali na maharage. Alasiri mimi nilifungua kompyuta kupanga filamu zangu, kwa maana wateja kadhaa wa Mbeya bado nilikuwa nawatumia, naye alivuta kiti akakaa karibu. Hakuwa amewahi kupenda filamu maishani mwake. Sasa alizitazama zote, hata za katuni.

Ile iliyoleta mambo niliiweka alasiri moja ya mvua bila kufikiri sana. Ilikuwa ya bibi mmoja mjane mwenye mali, anayeishi kwenye nyumba ya ghorofa kando ya ziwa lililoganda. Anatunzwa na mwanamke aliyejitokeza akasema ni binti wa marehemu dada yake. Miwani ya bibi inapotea, inaonekana ndani ya jokofu. Picha za ukutani zinabadilishana nafasi. Kila bibi akiuliza, yule mwanamke anamjibu kwa sauti laini kwamba amesahau. Ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale watafsiri wetu wanaozungumza juu ya sauti za waigizaji na kuongeza ya kwao, na huyu alikuwa mwongeaji kweli. "Jamani, bibi wa watu anachezewa akili!" alipiga kelele. "Huyo mama si ndugu yake, mshtukieni!"

Baba alitazama ameinama mbele, mikono kwenye magoti.

"Huyu bibi hasahau," alisema. "Anasahaulishwa."

"Ndivyo filamu ilivyo, baba."

"Miwani haina miguu. Nani anafaidika?"

Nilimwambia tungoje mwisho. Mwisho ulipofika, ikawa ni kweli yule mwanamke hakuwa ndugu. Baba akatikisa kichwa, si kwa kushangaa, ila kama mtu aliyesikia ushahidi unaolingana na alivyofikiri.

Siku chache baadaye Biblia yake ilipotea. Niliitafuta nyumba nzima nikaikuta kwenye banda la kuku, juu ya mayai. Nikaipangusa nikampelekea.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye banda la kuku, baba. Umesahau tu."

Aliishika ile Biblia bila kuifungua. Alinitazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena. Tangu siku hiyo hakuniita mwanangu.

Mdogo wangu nilipomweleza kwa simu alisema moja kwa moja kwamba ni hizo filamu zangu. Nilimwuliza daktari. Akasema hapana, wagonjwa wengi wanafika hapo hata kwenye nyumba zisizo na luninga. Wanamwona mtu wa karibu zaidi kuwa mgeni aliyevaa sura ya ndugu yao. Ninayaeleza yote mawili kama nilivyoambiwa. Ninachoweza kusema mimi ni kwamba filamu ile ilimpa maneno. Hofu huenda ilikuwapo kabla yake.

Hofu hiyo ilikuwa na utaratibu. Chai hakuinywa mpaka mimi ninywe kwanza. Vidonge alivikagua kwenye mwanga. Nilipofagia chumbani kwake alisimama mlangoni mpaka nimalize. Aliniita "wewe mama", kwa adabu, kama unavyomwita mtu usiyemjua sokoni. Nilikuwa nimewahi kutazama mambo hayo kwa upande wa mzee mara nyingi sana, nikimwonea huruma na kumshuku mwenye kubeba kikombe. Sasa mwenye kikombe nilikuwa mimi. Niligundua kwamba hakuna namna ya kumpa mtu chai kwa upole bila kufanana na mtu anayempa sumu kwa upole. Ukitabasamu unashukiwa. Usipotabasamu unashukiwa zaidi.

Kilichofuata sikukitarajia. Asubuhi moja alivaa suti, akafunga tai, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Hakuteremka barabarani. Alivuka kichochoro akaenda nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mfugaji wa kuku, akakaa naye uwanjani muda mrefu. Kisha akarudi nyumbani ametulia kuliko siku zote.

Jioni mama balozi alinijia, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, dada."

"Kamwene."

Alikuwa na aibu. "Baba yako amefungua kesi kwangu juu yako. Anasema humu ndani kuna mwanamke anajifanya binti yake. Ameeleza vizuri, dada, mpaka na mimi nikajikuta nakutazama." Akacheka, kisha akaacha. "Nimemwambia tutasikiliza Jumamosi. Sikujua niseme nini kingine. Ameniheshimu siku zote."

Nilimwambia amefanya sawa. Daktari alikuwa amesema nisibishane, na kukataa kesi kungekuwa kubishana. Nikampigia shangazi simu aje kuwa shahidi.

Jumamosi ilikuwa na jua la baridi, lile la Iringa linaloonekana kali lakini halipashi moto. Baba aliniagiza nitoe meza kibarazani na kuitandikia kitambaa. Niliitandika. Upande mmoja wa meza waliketi mama balozi na mzee mmoja wa usharika wa kanisani, ambao baba aliwatambulisha kuwa ni wazee wa baraza wa kumshauri hakimu. Shangazi aliketi kwenye benchi, ameshika kanga yake mapajani. Katikati aliketi baba mwenyewe. Yeye ndiye aliyelalamika na yeye ndiye aliyekuwa hakimu, na hakuna aliyetaja kwamba hiyo ni kasoro.

Aliniambia nisimame. Nikasimama.

"Mlalamikiwa, unadai kuwa wewe ni nani?"

"Ni binti yako, baba. Wa kwanza."

"Usiniite baba. Hilo ndilo jambo lenyewe linalobishaniwa."

Mzee wa usharika alikohoa. Baba akaniuliza nina uthibitisho gani. Nilitoa kitambulisho. Alikisoma kwa miwani, akakigeuza, akawapitishia wazee wa baraza.

"Hiki kinaonyesha jina. Jina mtu yeyote anaweza kulichukua. Rujewa nilimwona mtu aliyechukua jina la mwenzake, na ng'ombe wake, na mke."

Kisha akamwita shahidi. Shangazi aliapa kwa mkono juu ya ile Biblia ya banda la kuku. Alisema ananijua tangu nazaliwa, alinibeba mgongoni, alininyoa nywele za kwanza.

"Mtoto huyo ulimbeba mpaka ana umri gani?"

"Mpaka anatembea, kaka."

"Kisha?"

"Kisha mkahamia kituo kingine."

"Ulimwona tena lini?"

"Likizo. Sikukuu. Msibani."

"Kwa hiyo ulimbeba mtoto mchanga, na sasa unaonyeshwa mtu mzima mwenye mvi kidogo. Katikati hukuwapo. Unawezaje kuiambia mahakama kwamba ni yule yule?"

Shangazi aliikunja kanga yake mkononi. "We kaka," alisema, "acha mambo yako. Huyu ni mtoto wako." Akaanza kulia.

"Shahidi ana uchungu," baba alisema kwa upole. "Akae."

Akanigeukia mimi. Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa kama ya mtu anayefikiri na mwenzake.

"Binti yangu ninamjua. Ana hasira za karibu. Ningemwambia maneno haya, angekuwa amekwisha kufunga mizigo akaondoka, na mlango angeubamiza. Wewe nimekusimamisha juani, nimekuita mwongo mbele ya watu, na umesimama kwa adabu. Kwa nini?"

Ilikuwa kweli. Niliwahi kuondoka namna hiyo hiyo, zaidi ya mara moja.

"Daktari alinikataza kubishana na wewe."

"Umeona," alisema. "Hilo si jibu la binti. Ni jibu la nesi."

Akainuka, akasema mahakama inakwenda kuandaa hukumu. Aliingia chumbani akafunga mlango. Sisi tulibaki kibarazani. Mama balozi aliuliza kwa sauti ndogo kama tumletee maji. Nikasema tungoje. Nilikuwa nawaza jambo la ajabu kidogo, kwamba katika kazi yake yote sikuwahi kumwona baba akisikiliza kesi, watoto hatukuruhusiwa kukaribia, na kwamba alikuwa mzuri sana.

Alirudi ameweka tai sawa. Sote tukasimama bila kuambiwa.

"Mahakama imesikiliza pande zote," alisema. "Mahakama haikuridhika kwamba mlalamikiwa ni binti wa mlalamikaji. Ushahidi hautoshi. Hata hivyo, mahakama imemtazama mlalamikaji. Ni mzee. Nguo zake ni safi. Amelishwa. Dawa anapewa kwa wakati. Hayo hayafanyiki yenyewe. Yanafanywa na huyu hapa. Kwa hiyo, mlalamikiwa ataendelea kukaa katika nyumba hii kama mlezi halali wa mzee, mpaka binti mwenyewe atakapopatikana." Akawatazama wazee wa baraza, wakaitikia kwa vichwa. "Kuna mwenye rufaa?"

Shangazi alinitazama. Nikasema hakuna rufaa.

Watu wananiuliza kama niliumia. Niliumia, lakini jioni ile nilipomletea chai aliipokea akainywa mara moja, bila kunitaka nionje, na jambo hilo lilifunika mengine. Hofu ilikwisha. Mlezi alikuwa mtu aliyemchunguza mwenyewe na kumwidhinisha. Yule aliyemtisha alikuwa ni mwanamke aliyedai kuwa damu yake. Mimi niliacha kudai. Niliacha kumwita baba, nikamwita mzee, naye akaniita mama mlezi, na nyumba ikatulia.

Filamu za namna ile niliacha kuzitazama, si kwa kiapo. Ziliniishia tu. Zote zinahitaji mkosaji, na zikimpata zinafunga. Kwetu hakuna aliyekuwa amehamisha kitu kwa hila.

Kuwa mlezi kulinipa kitu ambacho binti hakuwahi kupewa. Baba alianza kuniambia habari za binti yake. Tulikuwa tukimenya maharage kibarazani, au nikimkata kucha, naye anaanza tu.

"Nina binti yuko Mbeya. Ana duka la michezo ya picha."

"Ni mzuri?"

"Kichwa kigumu. Lakini ni mkweli. Alipokuwa mdogo alivunja sahani akasingizia paka." Akacheka mwenyewe. "Nilimhoji. Unajua alifanya nini? Alikwenda akanionyesha namna paka asivyoweza. Aliniletea paka mwenyewe, akamweka mbele ya kabati! Nilimwambia mama yake, huyu ndiye angekuwa hakimu."

Kwamba nilimleta paka mwenyewe, mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Na mama hakuwahi kunipa ujumbe huo.

Siku nyingine alisema, "Sijui kama nilimwambia nilifurahi alipofaulu kwenda sekondari. Nilikuwa na kesi nyingi." Nikamwambia labda alijua. "Umejuaje?" aliniuliza.

Mdogo wangu alikuja msimu wa mahindi mabichi. Alipita Chimala akanunua mchele, akaingia uani na mfuko begani. Baba alimtambua pale pale. Alimwita kwa jina, akamwuliza habari za watoto mmoja mmoja. Mimi nilisimama mlangoni na sahani ya mahindi ya kuchoma. Mambo haya yanajulikana kwa watu wanaotunza wazee. Anayekuja mara moja hutambulika, anayekaa hufifia.

Walipokwisha kula, baba alimshika mkono.

"Nina shida moja. Dada yako sijamwona siku nyingi. Nenda Mbeya kamlete."

Mdogo wangu alinigeukia. Niliona uso wake unajaa hasira na huruma pamoja. Akataka kusema. Nikamkonyeza asiseme, nikamwita jikoni.

Wazo lilikuwa langu. Nilivua kitenge na kilemba nilichokuwa nafunga kila siku. Nikavaa gauni la bluu nililokuja nalo kutoka Mbeya, viatu vya kutokea na hereni. Nikachukua mkoba. Tukatokea mlango wa nyuma, tukazunguka ua, tukafika getini. Mdogo wangu alifungua geti. Mimi nilikuwa ninawaza tu nisijikwae, kwa sababu viatu vile nilikuwa sijavivaa tangu nifike.

"Hodi," nikasema.

Baba aliinua kichwa. Aliniangalia ninavyopanda ngazi za kibaraza, kisha akaniita kwa lile jina la nyumbani la utotoni, ambalo mama peke yake ndiye aliyekuwa akilitumia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekawia?"

Nilisema barabarani malori yalikuwa mengi. Alisema malori ni kweli yamezidi. Alinishika mkono akauweka juu ya goti lake, akaupigapiga. Aliniuliza habari za biashara, nikamweleza. Aliniuliza kama nimekonda, nikasema hapana. Tulikaa hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu hukumu nilikaa kwenye kiti bila kuangalia nini kinahitaji kufanywa.

Kisha akasogea karibu, kama mtu mwenye siri.

"Kuna mama mmoja ananitunza hapa. Ni mtu mwema. Mwanzoni nilimshuku, nikamfungulia shauri. Nadhani nilimwonea kidogo."

"Hakukasirika?"

"Hakukasirika. Sasa nisikilize. Wewe una mambo yako ya haraka. Ukifika hapa usije ukasema, huyu wa nini, ukamwondoa. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya. Nenda kamwite. Nataka mjuane."

Mdogo wangu alikuwa ameegemea nguzo, akageukia ukuta. Nilisema nitamwita. Niliingia ndani, nikavua hereni na gauni, nikafunga kitenge na kilemba, nikamimina chai, nikatoka nayo kwenye sinia.

Baba alinipokea kwa furaha ya mtu mwenye habari njema.

"Mama mlezi! Binti yangu amekuja."

"Yuko wapi, mzee?"

"Ameingia ndani kunawa. Kaa hapo umngoje, anatoka sasa hivi."

Nikakaa. Mdogo wangu alishuka ngazi akaenda nyuma ya nyumba. Mimi na baba tulinywa chai tukiutazama mlango. Mara mbili alisema, "Wanawake na kunawa," nikacheka naye. Jua lilikuwa limeanza kuingia nyuma ya mawe. Chai ilipokwisha alikuwa amehamia kwenye habari za mfereji mmoja wa Usangu ambao watu waliupigania, akanieleza kisa chote, na hakuutazama mlango tena.

Mdogo wangu alitaka tufanye hivyo kila mwezi. Nilijaribu mara moja nyingine tu, nikiwa peke yangu, miezi kadhaa baadaye. Nilivaa vile vile, nikapiga hodi vile vile. Baba alinitazama kwa heshima, akaangalia mkoba wangu.

"Asante sana, mama," alisema. "Lakini mlezi tayari tunaye."

Nikamshukuru, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Gauni nilimpa shangazi akampelekea binti yake.

Baba alifariki kipupwe kilichofuata, mapafu yalipoingia maji. Wiki zake za mwisho Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kihehe peke yake, Kihehe cha zamani cha kijijini kwao. Mimi nimekulia vituoni, katikati ya Wasangu na Wanyakyusa, na Kihehe changu ni cha kuokoteza. Shangazi alihamia kwetu awe ananitafsiria. Baba alikuwa akituuliza jambo moja kila jioni, kwa wasiwasi, na shangazi alisema anauliza kama mbuzi, wale wa utotoni mwao, wamekwisha kuingia zizini. Alinifundisha namna ya kujibu. Nilijifunza sentensi ile vizuri, pamoja na lafudhi yake, na kila jioni nilimwambia kwamba wameingia wote, naye akalala.